Aliyeingia Bila Neno

Magamba, Ijumaa, saa tisa alasiri

Sipora mwanangu,

Umeshuka Lushoto kununua kufuli la sanduku, na najua utapita kwa rafiki zako kuaga, kwa hiyo nina kama saa tatu. Jua likizama siandiki tena. Kesho ni Sabato, siandiki, na Jumapili alfajiri utakuwa kwenye basi la kushuka Mombo. Mikate miwili ya Sabato iko kwenye sufuria, makaa juu ya mfuniko. Nikisikia harufu ya kuungua nitaacha kalamu niende.

Ya blanketi, ya sabuni na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua safarini ameshakwambia shangazi yako, tena zaidi ya mara moja. Mimi nataka kujibu lile ulilosema Jumapili iliyopita tulipokuwa tukimenya viazi. Nilisema Sabato ijayo ndiyo yako ya mwisho kabla ya Mbeya. Ukasema, "Si kitu, Mama. Kule hakuna kitakachopungua. Mimi wa ziada tu." Hukucheka. Ulisema kama unavyosema kwamba mvua imekatika, ukachukua kiazi kingine.

Nilipaswa kukujibu palepale. Badala yake nilisema viazi vimetosha, nikaenda kuwasha moto. Hivi ndivyo nilivyo, na umenijua hivyo, lakini safari hii kunyamaza kwangu kulinisumbua, na Jumatano nikaenda kwa Mzee Zefania kusema jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nawe lazima ulijue kabla hujaondoka. Nitaanzia mwanzo, maana sehemu nyingine ulikuwa mdogo na nyingine hukuambiwa.

Unajua watu wa huku wanatuita Wasabato wa kofia, kwa sababu wanaume wetu husali wamefunika vichwa. Mjomba wako anatuita hivyo mpaka leo, naye ni Mlutheri wa kwaya. Mimi mwenyewe niliimba kwaya hiyo, sauti ya pili. Baba yako alipoanza kwenda kwa Mzee Zefania kila Jumamosi nilimcheka, nikamwambia amegundua njia mpya ya kukwepa kupalilia, kisha nami nikamfuata. Mzee alikuwa na vitabu viwili vya sala alivyoachiwa na bwana mmoja Myahudi, mkimbizi kutoka Ulaya, aliyekuwa na shamba la plamu na mapeasi huku juu. Zefania alikuwa kijana, akimtunzia bustani. Kila Jumamosi alimwona yule bwana amesimama sebuleni peke yake na kitabu, na kila akifika ukurasa fulani anaupita. Siku moja akamuuliza mbona anaruka pale. Bwana akamwambia ile ni kadishi, sala ya kuwakumbuka waliokufa, nayo haisomwi mpaka wawepo watu kumi. Ndugu zake wote walikuwa wamekufa vitani. Alikaa milimani hapa mpaka naye akafa, na hakuisoma hata mara moja.

Watu hudhani Mzee alianzisha kusanyiko kwa sababu ya ndoto. Hakuota chochote. Alishindwa kuusahau ule ukurasa, akaanza kutafuta watu kumi, na ilimchukua zaidi ya nusu ya maisha yake kuwapata.

Yule bwana alimfundisha pia kwamba watu hawahesabiwi kwa kidole kama mbuzi. Wanapokusanyika, hutumia sentensi ya sala yenye maneno kumi, kila mtu neno moja, na sentensi ikiisha wametimia. Zefania hakuweza kuishika ile ya Kiebrania, kwa hiyo akatunga ya kwake ya Kiswahili. Umeisikia tangu ukiwa mgongoni: Mungu wetu, tuokoe sisi watu wako, utubebe hata milele. Mzee anasimama mlangoni, neno la kwanza analichukua mwenyewe, kila anayevuka kizingiti anampa lake, na akifika "milele" anafunga mlango na kusema, "Tumetimia." Atakayekuja baada ya hapo anaingia bila neno.

Baba yako ndiye aliyekuwa akiingia bila neno. Hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati, hata kwenye harusi yetu. Alikuwa akibisha hodi, Mzee anamfungulia, naye anasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mimi wa ziada, naomba mahali pa kukaa." Kila wiki utani uleule, na kila wiki watu wanacheka. Huenda na wewe unaukumbuka. Nadhani neno lako la Jumapili ulilitoa huko.

Alipofariki ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa mdogo mno kusoma kadishi, kwa hiyo niliisoma kwa niaba yako, miezi kumi na moja kama inavyotakiwa. Sabato ya kwanza sikuona maandishi. Niliona weusi tu kwenye karatasi. Mama Hosea, ambaye tulikuwa hatusalimiani vizuri kwa sababu ya mpaka wa shamba, alisogea akaweka kidole chake kwenye mstari, akakisogeza neno kwa neno mpaka nikafika mwisho. Hakuniambia pole. Sabato iliyofuata akafanya hivyo tena, na iliyofuata. Kwaya ilinipa mengi, sitaikana, lakini hakuna mtu aliyewahi kunisogezea kidole hivyo. Hapo ndipo nilipoacha kuwa mke wa mtu anayesali kwa Mzee Zefania, nikawa wa pale mimi mwenyewe.

Mwezi wa tano wa kadishi Mzee alinipa daftari lake la sala nilinakili upya, maana mende walikuwa wamelila pembeni. Nililinakili baada ya kusahihisha madaftari ya darasa la tatu, na kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi. Nilipofika kwenye ile sentensi niliona ameandika "utu bebe", maneno mawili. Watoto wangu wote huandika hivyo: "ana kula", "nita kuja". Mkono ukaenda wenyewe, nikachora upinde mwekundu wa kuunganisha. Utubebe, neno moja. Kisha nikahesabu maneno, kwa mazoea tu ya kazi, na yalikuwa tisa.

Fikiria kosa lenyewe. Kwenye karatasi Mzee aliona kumi. Lakini pale mlangoni hakuna mtu anayempa mmoja "utu" na mwingine "bebe". Alimpa mtu mmoja "utubebe", kama inavyotamkwa. Kwa hiyo sentensi ilikuwa inaishia kwa mtu wa tisa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyejua, kwa sababu tulikatazwa kuhesabu watu na hakuna aliyefikiria kuhesabu maneno. Mimi nilihesabu vyote. Nilikaa mezani nikawataja watu wetu mmoja mmoja kwa vidole. Tulikuwa tisa. Na kabla, alipokuwepo yule mchelewaji, tulikuwa kumi.

Baba yako hakuwa wa ziada hata siku moja. Alikuwa wa kumi. Bila yeye hakuna sala ya kusanyiko iliyokuwa halali pale ndani, na alikufa akidhani anafanya utani. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Ningemwambia Mzee, kadishi ya baba yako ingesimama siku hiyohiyo. Kulikuwa kumebaki miezi sita. Nisingekuwa na mstari wa kusoma wala kidole cha Mama Hosea. Kwa hiyo nililiandika daftari jipya kwa usafi wote, nukta na herufi kubwa mahali pake, na nilipofika kwenye sentensi nikaandika "utu bebe". Mwalimu wa Kiswahili, niliandika kosa kwa makusudi na kulipeleka kwa mzee wa watu. Alilishika kwa mikono miwili akasema, "Mwalimu, umenisaidia sana." Daftari la zamani, lenye ule upinde mwekundu, nikalificha chini ya nguo zangu.

Miaka mitatu tulisali tisa tukisema tumetimia. Kisha ukafikisha miaka kumi na mitatu, ukaruhusiwa kuingia na wakubwa. Ukiwa mdogo kuliko wote uliingia nyuma ya wote, sentensi imeshakwisha, na Mzee akakushika kichwa akakupitisha bila neno. Uliniuliza njiani kurudi, "Mama, mbona mimi sina neno?" Nikakwambia utalipata ukikua. Ndani yangu nilikuwa nimepumua kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kwa sababu sasa tulikuwa kumi kweli.

Kuanzia hapo sikukuacha ukose Sabato hata moja. Ulipokuwa na homa nilikufunga kitenge kifuani nikakutembeza kwenye ukungu. Rafiki yako alipoolewa Soni nilikukatalia kwenda. Ulidhani Mama ameshika dini sana, na mimi nikakuacha udhani hivyo. Ulikuwa kiraka cha uongo wangu, Sipora, na hukujua.

Na Iringa. Ulipochaguliwa kwenda kidato cha tano kule, tahasusi ya sayansi uliyoitaka, nilikwambia shule ile inafanya mitihani Jumamosi, ukabadilishiwa ukasoma hapa hapa masomo ya sanaa. Hukubisha. Ulilia kidogo jikoni, ukatoka, ukaenda kuchota maji. Sikuwa na uhakika wowote kuhusu mitihani ile. Sikuuliza. Jumatatu ya wiki hii ndipo nilipiga simu, nikapokelewa na karani mwenye haraka. Mitihani yao ni Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi wanafua nguo. Aliniuliza kama nina mtoto pale. Nikamwambia hapana.

Hili siwezi kulirudisha. Ungekuwa unaenda kusomea udaktari labda, au labda ungeshindwa fizikia kama nilivyoshindwa mimi. Hatutajua, na kutojua huko nimekusababishia mimi. Nimekaa na sentensi hii muda mrefu, mikate karibu iungue.

Jumatano, nikitoka kazini, nilikwenda kwa Mzee na lile daftari la zamani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Sogea motoni, leo kuna baridi."

Nilimwekea daftari magotini, nikamwonyesha. Akasema macho yake hayaoni, nimsomee. Nikasoma. Akasema nihesabu.

"Ni tisa, Mzee."

"Rudia."

Nikarudia polepole, naye akikunja vidole. Kidole kimoja kilibaki kimesimama. Alikitazama muda mrefu.

"Umejua lini?"

"Mwaka ule aliofariki Baba Sipora."

"Kabla ya Yoeli."

"Kabla ya Yoeli, Mzee."

Yoeli ni mwanawe wa pekee, yule aliyepata ajali Tanga mwaka uliofuata. Ulimwona mara moja tu, alikuletea pipi. Mzee alimsomea kadishi siku thelathini, kama mzazi anavyomsomea mtoto, na sisi wanane tukamwitikia, nami nikiwa mmojawapo, na nikijua.

"Mwezi mmoja tu, Mama Sipora," alisema. "Ningepanda basi nikaenda kwa wenzetu Arusha. Wapo kumi, wanazidi. Ningelala hata stendi. Ungeniambia tu."

Hajawahi kuniita Mama Sipora. Siku zote mimi ni Mwalimu. Nilijua kwa neno hilo tu nilichomfanyia. Miaka yote nilikuwa nimepiga hesabu ya baba yako na yako na yangu, na sikuwahi kumweka yeye ndani. Mtu aliyeona ukurasa ukirukwa ujana wake wote akajenga nyumba nzima ya sala ili usirukwe tena, na mimi nikamfanya auruke bila kujua, tena wa mtoto wake. Nilisema nisamehe. Akasema, "Bado." Nikaaga, akaitikia.

Leo saa nne alikuja shuleni kwa miguu, na fimbo. Hajawahi kufika pale. Darasa zima likasimama kumwamkia, naye akawaitikia mmoja mmoja mpaka nikaona aibu kwa muda aliouchukua. Tukatoka nje chini ya paa.

"Tafuta neno la kumi," alisema.

Nikapendekeza mawili matatu. Akayakataa yote, akasema yananuka shule. Kisha akasema mwenyewe: "Wote. Watu wako wote. Liingize hapo, uniandikie upya, na safari hii uunganishe vizuri."

Nikaandika hapo hapo, kwenye karatasi ya daftari la mahudhurio. Akaikunja akaitia mfukoni. Akasema kesho, kabla ya sala, atawaeleza watu kila kitu, na mimi nikiwa nimekaa pale pale mbele yao. Baada ya hapo atasoma kadishi ya Yoeli, na nikitaka nami nisome ya baba yako, kama tutakuwa kumi.

"Sipora atakuja?"

"Sijui, Mzee. Sitamlazimisha."

"Umemlazimisha miaka saba. Jumamosi moja imekushinda?"

"Ndiyo, imenishinda."

Alinitazama, nikadhani atakasirika. Akasema tu kwamba atasimama mlangoni mpaka saa nne, kwa sababu miguu yake haivumilii zaidi, akageuka akaanza kuteremka.

Sikuagizi utafute kusanyiko huko Mbeya. Sijui kama lipo, na baada ya haya sina uso wa kukuagiza sala. Nakwambia tu nilichokiona mimi. Niliingia mle ndani kwa kumfuata mume, nikabaki kwa ajili ya kidole cha jirani niliyegombana naye, na kesho nitaingia wakati mwenye nyumba hajanisamehe, na bado atanipa neno mlangoni, kwa sababu ndivyo inavyofanywa pale. Naogopa kuingia. Mama Hosea atasikia, na sijui atasogea upande gani. Lakini sioni mahali pengine ninapotaka kuwa kesho asubuhi, na sijawahi kuwa na mahali pa namna hiyo nilipokuwa msichana wa umri wako.

Jua limefika kwenye miti ya misindano. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, utaikuta ukirudi, na kusoma Sabato kunaruhusiwa. Hatutaizungumzia leo mezani kama hutaki.

Kesho sitakuamsha. Sitagonga mlango wala kuangusha sufuria kwa makusudi kama ninavyofanya. Nitatoka saa mbili peke yangu. Una haki ya kulala mpaka mchana, na una haki ya kupanda basi lako Jumapili bila kusema nami neno. Mbeya utakwenda, hilo halina mjadala, na hutarudi Jumamosi yoyote kwa ajili ya kutujazia idadi. Ukiondoka tutakuwa tisa, tutasema tuko tisa, na tutasoma yale ambayo tisa wanaruhusiwa.

Nimejaribu kuandika bila kukuomba uje, na nikisoma hapo juu naona nimekuomba kila mstari. Nisamehe na hilo. Ulisema hakuna kitakachopungua. Basi jua kitakachotokea. Mzee atasimama mlangoni na karatasi yake mpya, atatupa maneno mmoja mmoja, sentensi itaishia "utubebe hata", na "milele" atabaki nalo mkononi mpaka saa nne.

Mama yako